Mhalifu wa Mfuko wa Buluu

Umma unatangaziwa, kwa masikitiko makubwa, kwamba adui nambari moja wa mazingira mtaani petu amepatikana. Ni mjane wa miaka sabini na mbili, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na watu humwita Bibi Cherehani kwa kuwa alishona sare za shule mpaka macho yakagoma.

Kila nyumba ilipewa mifuko miwili: wa buluu wa kutilia karatasi, wa njano wa kutilia plastiki. Anayechanganya hutembelewa na mkaguzi wa taka kila Alhamisi, afundishwe mpaka aelewe. Wengine walielewa siku hiyo hiyo. Bibi Cherehani, huu ni mwezi wa tano. Wiki hii chupa ya shampuu katikati ya magazeti, wiki ijayo beseni zima.

"Bibi, beseni ni karatasi?"

"Si karatasi? Hebu nieleze tena, mwanangu. Lakini kaa kwanza, umesimama kama polisi."

Mkaguzi hukaa, hufundisha, hunywa chai vikombe viwili. Ndani ya nyumba ile hakuna sauti nyingine wiki nzima, ukiacha bomba linalovuja. Watoto wako mbali. Wakikumbuka hupiga simu, na maongezi yote huwa, "Mama, mtandao mbaya, nitakupigia."

Alhamisi moja sukari iliisha mezani, mkaguzi akaingia jikoni kuifuata mwenyewe. Akaduwaa. Rafu nzima ya chupa zilizooshwa na kubanduliwa lebo, vikombe vya mtindi vimepachikana kwa ukubwa, vifuniko peke yake kwenye kopo. Hata ofisini kwao hapakuwa hivyo. Huko lori la pili la taka lilishakufa, na mifuko ya rangi zote ilirushwa kwenye lile moja lililobaki, somo ambalo mkaguzi alikatazwa kulifundisha.

"Bibi! Kumbe unajua kunishinda!" Alifurahi, maskini, akafungua daftari. "Leo nakuandika nyumba ya mfano. Nyumba ya mfano haikaguliwi. Umeepukana nami, sitakusumbua tena!"

Bibi Cherehani aliinuka, akalibeba lile kopo, akaufungua mfuko wa buluu na kumimina vifuniko vyote juu ya magazeti, mpaka cha mwisho.

"Bibi, sasa hiyo ndiyo nini?"

"Kosa," alisema. "Andika."