Rabiga na Wapima Vumbi

Hapa kwetu, kwenye nyika ya Semei, tumechoka kupimwa. Mabomu ya nyuklia ya majaribio yaliacha kulipuliwa angani zamani, lakini wataalamu hawaishi kuja na maswali yale yale: wingu la bomu lilipopita ulikuwa ndani au nje? Ulikunywa maziwa ya ng'ombe au ya farasi? Wanataka kukadiria kila mtu alivuta vumbi la mionzi kiasi gani. Tunawajibu, tunawapa chai, wanaondoka.

Jirani yangu Rabiga, aliyekamua ng'ombe wa shamba la ushirika mpaka mgongo ukapinda, alijibu kwa mkato kuliko sote. Mwanawe wa kwanza, Tolegen, aliwapa wakwe zake, maana kwetu mzaliwa wa kwanza ni wa babu na bibi. Tolegen akakua akimwita mama yake mzazi shemeji, kana kwamba ni mke wa kaka yake, naye Rabiga hakuthubutu kusema mwanangu, asije akawavunjia wazee heshima. Wazee walishakufa, heshima ikabaki. Desturi hiyo naifuata, ila siipendi.

Sasa Tolegen ana mvi na uvimbe kooni. Wataalamu walishakata shauri kwamba hakuguswa: siku ya wingu alikuwa kwa wazee wake, ng'ambo ya mlima. Asipohesabiwa, hapati matibabu ya bure, na pesa hana.

Safari hii alikuja Daktari Aiman. Tolegen alikaa karibu na mlango, mimi nikimimina chai.

"Kila mkija, maziwa, maziwa! Nyinyi hamchoki?" Rabiga alimwambia. "Haya, andika. Tolegen alikuwa hapa, nje, mtaroni. Askari walitutoa ndani, nyumba zisije zikatuangukia. Vumbi likatushukia tumelala."

"Bibi, si alikuwa kwa wazee? Shemeji yako alifuata nini huku?"

"Shemeji gani! Mwanangu huyo. Nilishikwa na hamu naye, nikaenda kumchukua alale kwangu usiku mmoja tu."

Nilisimama na birika mkononi. Tolegen hakuinua uso.

Daktari aliandika. Rabiga akamngoja amalize.

"Na kama ningemwacha kule?"

"Kule vumbi halikufika, bibi."

Rabiga akajifunika uso kwa mtandio wake.

"Daktari, hayo achana nayo," alisema Tolegen. "Andika tu kwamba nilikuwa na mama."