Mapumziko ya Mama Duncan

Mkiniuliza nani anaishi vizuri huku kwetu Itumbe, msitarajie niwaonyeshe wenye nyumba za ghorofa. Nitawaonyesha jirani yangu Persis, mama yake Duncan. Ana vyumba viwili vya mabati, migomba nyuma ya jiko, na majani chai yanayoshuka mpaka mtoni. Nguo za kanisani anazo mbili. Akivaa moja, nyingine iko kwa kamba. Nimewahi kujaribu kumhurumia, akanicheka.

Sisi wanawake watano tuna egesangio. Leo tunachuma majani kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu izunguke. Hakuna anayelipwa, ukinipa mikono yako, nami nakupa yangu. Sheria ni hiyo tu, na ni kali. Asiyehitaji mikono ya wenzake hana zamu, na asiye na zamu hayumo.

Mwaka jana Duncan, anayefanya kazi ya ofisi Nakuru, alikuja akamkuta mama yake ametoka shambani ameloa chapachapa. Roho ikamuuma. Bila kuuliza mtu akaajiri mwanamume wa kuchuma yale majani, akamwambia mama akae, apumzike, amechoka vya kutosha. Mtoto mwema, siwezi kumsema. Lakini hasira nilikuwa nayo, tena tele! Kwa wema wake alikuwa amemtoa mama yake kwenye egesangio, na hata hakujua.

Persis alikubali, asije akamvunja moyo mwanawe. Kanisani wakampongeza. Kisha nikaanza kumwona ameketi mlangoni asubuhi, ameelekeza uso kule tunakochuma, chai imepoa mkononi. Nikipita ananiuliza nani alisema nini, na nani alimjibu. Mama wa watu alikuwa anakonda huku ameshiba.

Jumatatu moja ya baridi, zamu ikiwa yangu, tukamwona anapanda na kikapu mgongoni. Nyanchera, mkubwa wetu, akamkumbusha kwamba hana zamu, kwa hiyo hatuna namna ya kumrudishia. Persis akasema hajaja kudai kitu. Akaingia mstarini, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na kabla jua halijachomoza vizuri alikuwa ameshamtania Nyanchera mpaka tukashika mbavu. Nani angemfukuza?

Jioni akampigia Duncan simu mbele yangu. Nilidhani atalalamika.

"Mwanangu, ulitaka nipumzike, na nimepumzika," akamwambia. "Sasa nataka watu. Huyo mfanyakazi mtafutie shamba lingine."

Jumapili iliyofuata Duncan akaja, amenuna. Mfanyakazi alikuwa ameshapata kazi Birongo, kwa hiyo hilo halikumsumbua. Alichouliza ni watu watamwonaje, yeye na mshahara wake, mama yake akinyeshewa shambani. Persis akampakulia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Hakugusa. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Sasa nikufanyie nini, mama?" akauliza. "Kila nikikupa kitu unakataa."

"Kesho ni zamu ya huyu Mama Sheila," Persis akasema, akinionyesha mimi. "Tumepungukiwa mikono."

Ofisini kwake sijui aliwadanganya nini. Ninachojua ni kwamba Jumatatu alikuwa shambani kwangu, suruali imekunjwa, akijaza kikapu majani magumu ambayo kwenye kituo cha kununulia chai hayapokelewi. Mama yake alimfuata nyuma akiyatoa. Sisi tulimchokoza bila huruma, na yeye akajibu, kidogo kidogo, mpaka akazoea. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akasema kwamba amekaa Nakuru miaka yote hii na hajui hata jina la jirani wa mlango wa pili. Jioni akifunga mlango, hasemi tena na mtu mpaka kesho.

Tukaendelea kuchuma. Nyanchera akainamia majani. Persis peke yake ndiye aliyeacha kuchuma, akamtazama mwanawe.

"Mstari wako bado mrefu," akamwambia. "Endelea kuongea."