Baba Tuliyemwacha Nje ya Fomu

Mdogo wangu wa kiume alianza kutoa damu chooni. Akasema ni bawasiri tu, akarudi kwenye duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, kule Nyangoto. Siku zile za dhahabu, aliyetoka shimoni kwa sababu ya tumbo alichekwa mpaka jioni.

Nilimburuta hospitali. Watafiti walikuwa wanaorodhesha familia zenye saratani ya utumbo mpana, kwa kuwa inaweza kurithiwa. Wenye ndugu waliougua wangepimwa kwanza, wengine wasubiri. Nesi akanipa fomu. Nikaijaza kwa kujidai: bibi, babu, baba zake babu. Wote walikufa kwa uzee. Mdogo wangu akaambiwa asubiri, akarudi shimoni akinicheka.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikakumbuka nilichokiacha. Mama yetu aliolewa na mwanamke mwenzake, bibi aliyekosa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe ili apate wajukuu wa boma lake. Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Mwanaume aliyetuzaa haulizwi, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimewaandikia watafiti ukoo wa ng'ombe, si wa damu! Nilijikasirikia vibaya sana.

Nilimkuta mama anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama. Aliyetuzaa ni nani?"

"Marahaba. Ninyi ni watoto wa bibi yenu."

"Mama, mwanao anatoka damu."

Akaweka ungo chini.

"Mtu wa Kenyamonta," akasema. "Alikufa kwa tumbo. Na kaka yake hivyo hivyo."

Kesho yake nilijaza fomu nyingine. Mdogo wangu akapimwa, uvimbe ukaonekana ungali mdogo, wakaukata. Nililia mbele za watu bila aibu. Daktari akasema watoto wengine wa yule mtu nao wapimwe haraka.

Mama alinikataza kwenda kuwatafuta. Wazee wa ukoo walisema naliaibisha boma la bibi. Niliwasikiliza wote kwa adabu, nikapanda pikipiki kwenda Kenyamonta.

Kwenye boma la yule marehemu alitoka mwanaume mwenye pua ya mdogo wangu. Nikamsalimia, nikamuuliza kama huwa anaona damu chooni.

Akatazama nyuma, kuona kama mkewe anasikia.

"Nani amekwambia?"

"Vaa viatu," nikasema. "Nitakueleza njiani."