Mdogo wangu aliumwa kichwa ghafla, nikadhani anakwepa msaragambo

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini. Naandika lilivyokuwa, hata panaponiaibisha.

Kwetu ni Bombo, milima ya Upare, Same. Tuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Wanaokwepa wanasemwa mwaka mzima.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda kuzibua mfereji. Mdogo wangu Elinami akapiga kelele, akashika kisogo.

"Kaka, kuna kitu kimepasuka humu!"

Akatapika.

Nikamwambia mbele za watu, "Baragumu likilia na kichwa chako kinalia?" Wakacheka sana.

Mama alimpa aspirini. Jioni shingo ilikuwa imekaza, ila maumivu yamepungua. Nikajiona nilisema kweli.

Siku ya nane baragumu likalia tena. Akasema bado hayuko sawa.

"Twende bwana, usitutie aibu."

Akachukua jembe.

Saa nne hivi aliinua jiwe, akaangukia mferejini. Kope ya jicho moja ilikuwa imeshuka, haongei.

Wale wale waliocheka ndio walimbeba kwa machela hadi barabarani. Lori la tangawizi likatufikisha hospitali. Njia nzima nilimshikilia kichwa kisitikisike.

Daktari alimchoma sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo yakatoka na damu. Akaniuliza,

"Maumivu ya kwanza yalianza polepole au ghafla?"

"Ghafla."

"Lini?"

"Leo ni siku ya nane."

Akaweka kalamu chini.

"Umewahi kuona tyubu ya baiskeli iliyovimba upande mmoja? Mshipa wa damu kwenye ubongo nao huweza kuvimba hivyo, mtu asijue. Nadhani siku ile ulivuja kidogo. Leo umepasuka."

Mashine ya kupiga picha ya ubongo hawakuwa nayo. Nikauliza kama ningemleta siku ile angepona. Akasema hana hakika, ila nafasi ingekuwepo.

Elinami alifariki kesho yake mchana.

Wakuu, kichwa kikiuma ghafla, kwa ukali ambao mtu hajawahi kuupata, hasa akitapika au shingo ikikaza, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Hata kikitulia. Kutulia ndiko kulikonidanganya mimi.

Baragumu lilipolia kuita watu wakachimbe kaburi, nilikuwa wa kwanza kufika, na jembe lake mkononi. Hakuna aliyetania.

Aliyewahi kuuguza mtu wa hivi aandike hapa chini. Nitasoma zote, hata za kunilaumu.