Mabonge Matatu ya Dereva

Katika mgahawa wetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, bonge moja la ugali wa muhogo humshibisha mtu mzima. Mimi ndiye ninayesonga, kwa sababu napenda ukimya, na jikoni hakuna wa kunisemesha.

Siku moja aliingia Mmalawi, dereva wa Area 49, mtaa wa jiji la Lilongwe, aliyejifunza Kiswahili kidogo kwa kubeba mizigo ya watu wetu. Mama alikuwa akitamani sana kupata wateja Wamalawi, na huyu ndiye alikuwa wa kwanza.

“Nsima tatu na samaki,” akaagiza, akiuita ugali kwa jina la kwao.

Mama akaninong’oneza, “Songa tatu. Bantu ba Lilongwe banakulaka sana.”

Nilipoiweka sinia mezani, dereva aliitazama, kisha akatazama mlangoni.

“Mama, wenzangu wako wapi?”

“Njo yako yote, baba, peke yako.”

Akakunja kiganja kutuonyesha udogo wa nsima moja ya kwao. Mama akainamisha kichwa, akidhani amemfukuza mteja.

Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa amemaliza kula kwenye meza ya pili, akanawa mikono upya. “Sogea, kaka. Hiyo milima hutaipanda peke yako.”

Wakala pamoja mpaka sinia ikabaki tupu. Dereva akalegeza mkanda wa suruali.

“Kesho mnafungua saa ngapi?”

“Saa yenye utafika,” Mama akamjibu.