Alama za Nazifa

Monowara alikuwa mwanamke asiyejua kukaa. Chai aliinywa wima, simu aliizungumza akiizunguka meza, na hata kwenye harusi za Wabengali wenzake pale Lakemba, mtaa wao wa ugenini, wanawake walipokwisha kujipanga vitini na kuanza kusengenya, yeye alikuwa jikoni akiwapokonya wapishi miiko. Basi bintiye Nazifa alipofika darasa la sita, na mtihani wa kuingia shule za watoto wenye vipaji ukawa umekaribia, nyumba nzima ilikosa utulivu.

Televisheni ilifungiwa kabatini. Mumewe Shafiq, dereva wa teksi, akawa anakula wali na samaki sahani ikiwa magotini, maana meza ilikuwa ya hesabu. Jumamosi tuisheni, Jumapili tuisheni, na siku za kazi mtoto akitoka shule, hata soksi hajavua, anawekewa mtihani wa majaribio. Mama mtu nyuma yake: dirishani, mlangoni, dirishani tena.

"Amma, unatikisa sakafu."

"Fanya kazi yako. Sakafu niachie mimi."

Aliyemkosesha raha hasa ni Dilruba, jirani wa ghorofa ya juu, ambaye mwanawe Raiyan alifaulu mwaka uliotangulia. Waliitana wifi, kama kawaida ya kina mama wa pale, ingawa hawakuwa na undugu wowote.

"Wifi, wako anapata ngapi siku hizi?" Dilruba alimuuliza ngazini. "Raiyan wangu wakati kama huu alikuwa hashuki tisini. Lakini kila mtoto na riziki yake, au siyo?"

Nazifa alikuwa akizungukazunguka kwenye sitini. Siku za alama mbaya Monowara hakufoka, na ingekuwa heri afoke. Aliosha vyungu vilivyokwisha oshwa, akampigia simu dada yake aliyebaki kwao Sylhet, akakata, akapiga tena, akatembea mpaka mtoto akapitiwa na usingizi akisikia nyayo.

Kisha, mwezi wa Aprili, alama zikaanza kupanda. Themanini. Tisini. Jioni moja Monowara aliketi kwenye kochi, akaegemea, akalala fofofo mdomo wazi, na Shafiq akamfunika shuka taratibu kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Dilruba alipoalika watu chakula, Monowara alingoja sebule ijae.

"Wangu sasa tisini na tano haimpigi chenga," alisema.

"Mashallah," Dilruba akajibu, akiisogeza sahani ya vitamutamu. "Basi aje amfundishe Raiyan."

Mtihani mkubwa wa majaribio ulifanyikia tuisheni yenyewe, walimu wakisimamia. Mwalimu alimwita Monowara pembeni akamwambia kwa upole kwamba Nazifa alikuwa miongoni mwa watano wa mwisho.

"Mmechanganya majina," Monowara alisema. "Angalieni tena."

Hawakuwa wamechanganya. Njiani kurudi alikwenda mbio hata mtoto akawa anamkimbilia nyuma, mkoba ukimpiga mgongoni. Mbele ya duka la nyama Nazifa akasimama, hataki kuendelea.

"Amma, majibu yamechapwa mwisho wa kitabu cha majaribio. Nilikuwa nayatazama."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili." Mtoto alikuwa akilia kimyakimya. "Nikipata nyingi unakaa. Nilitaka ukae tu."

Mkono wa Monowara uliinuka. Ukashuka, ukaishia kuurekebisha ushungi wake, ambao haukuwa umekaa vibaya.

Shafiq alipoelezwa hakucheka wala hakukasirika. "Mtoto wa miaka kumi na moja anakudanganya ili upumzike," alisema. "Mimi je, unadhani nimekudanganya mara ngapi?"

"Mara ngapi?"

"We acha tu."

Kesho yake Monowara alipanda kwa Dilruba. Uongo aliutangaza kwa kinywa chake, na kinywa hichohicho ndicho kilichotakiwa kuurudisha. Dilruba alimsikiliza hadi mwisho.

"Tisini na tano!" akasema. "Wifi, hata walimu wao hawazipati. Keti unywe chai." Monowara aliinywa wima, uso ukimwaka.

Siku zilizobaki Shafiq ndiye aliyekaa na mtoto, akisinzia. Monowara alitolewa nje. Alitembea kwenye baridi ya Mei hadi wenye maduka wakaanza kumuuliza amepoteza nini. Alama zilizorudi zilikuwa sitini, mara moja sabini na mbili, na zilikuwa za Nazifa mwenyewe.

Mtihani ulifanywa, ukapita. Matokeo yalipotoka, Nazifa aliwekwa kwenye orodha ya akiba, wale wanaongoja mwingine aache nafasi. Kila simu iliyolia, Monowara aliidaka kabla haijalia mara ya pili. Miezi ikaenda, Krismasi ikapita, simu ile haikuja. Nazifa alilia mchana mmoja, akanawa uso, akaomba televisheni itolewe kabatini.

Mwaka mpya akaanza shule ya wasichana ya hapo mtaani, sketi ikimfika karibu na vifundo vya miguu. Watoto wengine waliagwa getini, wazazi wakaondoka. Monowara hakuondoka. Alimfuata mwalimu mmoja uwanjani akamshika kiwiko.

"Samahani, mwalimu. Hapa hamna darasa la ziada la hesabu?"

"Amma!" Nazifa alijificha uso kwa mkoba. "Nenda nyumbani!"

"Nauliza tu," Monowara alisema. "Kuuliza si kosa."

Mwalimu akasema lipo, Jumatano.