Muziki Nausikia, Mtu Simsikii

Mwanangu, ipo siku moja katika ujana wangu ambayo nikiikumbuka hunijia haya kwanza, kisha hushusha pumzi nikasema alhamdulillahi. Kaa nikuhadithie, maana wewe sasa unasoma chuoni Tunguu, na umeshaanza kuitwa huku na huku kutengeneza vitu vya watu. Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa hodari wa redio, na nilijijua kuwa hodari. Ubaya ulikuwa hapo.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Othman, tumerogwa na redio. Kila mchana utatukuta Kikwajuni kwenye karakana ya Mzee Vuai, fundi aliyetufundisha kushika chuma cha kulehemu bila ya kujiunguza. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wachache. Habari za watu zilipita redioni, na kubwa kuliko zote zilikuwa habari za vifo: nani kafariki, anazikwa wapi, saa ngapi. Mtu aliweza kukosa chakula cha mchana, lakini hakukosa matangazo ya saa saba.

Basi kulikuwa na kituo kidogo cha redio Mji Mkongwe, juu ghorofani, ndiyo kwanza wamepata mtambo wa kurusha matangazo kwa stereo, sauti ya pande mbili, kulia na kushoto. Fundi wa kudumu hawakuwa naye, wakatuomba sisi tuwaungie nyaya. Alhamisi moja nikazilehemu kwa mkono wangu huu, Othman akinishikia tochi. Tulipomaliza tukaenda kwao Othman, penye redio kubwa ya spika mbili, tukasikiliza. Lo! Sauti ya mtangazaji ilikuwa imetanuka, imejaa chumba kizima, hujui inatoka wapi. Nikavaa hedifoni, nikaona mambo ndiyo hayo.

"Hii ndiyo stereo, yakhe," nikamwambia Othman, na tukatembea mtaani vifua mbele. Kesho yake mtangazaji alituambia wapo wasikilizaji wanaolalamika. Tukamjibu kwamba redio zao zimechoka.

Jumamosi akaja karakanani jirani yetu, Bi Mize, mama mtu mzima. Kaka yake alikuwa hajiwezi kitandani huko Nungwi, na yeye alikuwa amerudi juzi tu kutoka kumuuguza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea redio yake juu ya meza.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Muziki nausikia, mtu simsikii."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Ile redio hata sikuigusa. Ilikuwa ndogo, ya spika moja, kifuniko cha betri kimefungwa kwa mpira.

"Bi Mize, redio yako ishakula chumvi nyingi. Siku hizi mambo ni stereo. Tia betri mpya, ikikataa itupe."

"Mie nnasikiliza vifo," akasema. "Nna mgonjwa, mwanangu." Akaichukua redio yake akaondoka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi wangu siku zile haukuwa na breki.

Jumatatu, baada ya adhuhuri, akarudi. "Nshatia betri mpya. Ndiyo yale yale."

Safari hii Mzee Vuai mwenyewe alikuwepo. Akamvutia kiti, akaipokea redio kwa mikono miwili, akaiwasha, akaiweka sikioni. Wimbo ulipiga vizuri. Wimbo ulipokwisha mtangazaji akaanza kusema, na sauti yake ikazama, ukabaki mvumo tu, kama mtu anayezungumza nyumba ya tatu. Mzee Vuai akawasha redio nyengine ya spika moja iliyokuwa mezani. Vile vile. Akawasha ya tatu. Vile vile. Ndipo akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Zote hizi mbovu?"

Nikaizima ile ya tatu, naye akaendelea.

"Wewe umesikiliza kwa redio ya akina Othman. Unguja hii wangapi wanayo redio kama ile? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu mama ulimuuliza anasikia nini?"

Mwanangu, masikio yaliniwaka moto. Na hapo ndipo akili iliponirudia: zile nyaya mbili za upande wa kushoto nilikuwa nimezipachika kinyume. Kwenye spika mbili huwezi kujua kwa wepesi, na kosa lenyewe ndilo lililoitanua sauti nikaiona tamu. Lakini kwenye spika moja sauti za kulia na kushoto hukutana, na zikikutana kinyume huuana. Ni watu wawili wanaousukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani, yule yuko nje, mlango hautikisiki. Muziki una mengi yasiyofanana pande mbili, kwa hivyo ulisalia. Sauti ya mtu iko sawa kulia na kushoto, ikafa yote. Kumbe nilichokuwa nikijisifia siku zote zile kilikuwa ubovu, na ubovu ulikuwa wangu.

Nikapakia redio moja na vyombo vyangu, nikapanda baiskeli, nikakata njia hadi Mji Mkongwe. Nilifika saa saba inagonga. Mtangazaji alikuwa na karatasi zake za vifo mkononi. Nikamwomba aweke wimbo mmoja zaidi. Akakitazama chuma cha kulehemu mkononi mwangu, akakubali. Nikafungua plagi ya nyaya za sauti, nikazing'oa zile nyaya mbili, nikazilehemu kila moja mahala pake, nikatoka nje kwenye ngazi na redio ya spika moja sikioni. Wimbo ukaisha. "Assalaam alaykum," mtangazaji akasema, na sauti ikatoka nzima, safi, ya mtu. Nilikaa palepale kwenye ngazi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko hakikudumu. Tangazo la tatu lilikuwa la Nungwi. Lilitaja jina la kaka yake Bi Mize. Maziko ni leo baada ya sala ya alasiri. Habari zimfikie dada yake, Bi Mize, Kikwajuni. Baadaye mtangazaji aliniambia tangazo lile alikuwa ameshalisoma asubuhi. Asubuhi, mwanangu, wakati Bi Mize amekaa mbele ya redio yenye betri mpya, akisikia muziki.

Niliporudi karakanani sikumkuta. Alikuwa amelisikia akiwa kwenye kiti kile, na Mzee Vuai amemtafutia gari hata matangazo hayajaisha. Nilichobaki nacho ni kuomba lile gari lisiharibike njiani. Siku tatu chakula hakikunipita.

Aliporudi baada ya hitma ya kumwombea marehemu nikaenda kwake, nikasimama mlangoni sijui nianzie wapi.

"Nilimkuta hajatoka," akaniambia. "Washamkosha, washamvisha sanda. Wakanifunulia uso, nikamuaga ndugu yangu."

Nililia mbele yake, na sikuona aibu. Ulikuwa mzigo unaotuliwa. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Basi. Mwenyezi Mungu kakustiri. Lakini siku nyengine mtu akikwambia hasikii, usianze na masikio yake. Anza na kazi yako."

Nasaha yangu kwako, mwanangu, ni hiyo hiyo ya Bi Mize, sina mengi ya kuiongezea. Atakuja kwako mtu asiyejua jina la kitu ulichokitengeneza, akwambie kinamsumbua. Usimcheke, wala usimtume dukani. Mkalishe, umuulize anaona nini, kisha ukaone mwenyewe kwa chombo anachokitumia yeye. Na lile unaloliona zuri kupita kiasi katika kazi yako, litazame mara mbili, maana nyani haoni kundule, na sisi mafundi ndio manyani wakubwa.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa na akulainishie ulimi. Na siku utakapokosea, kwani utakosea, akupe wa kukwambia, akupe sikio la kumsikia, na akuwahishe kutengeneza kabla jeneza halijatoka. Amin.